Kiasi Stahiki cha Kumbukumbu katika Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mfumo endeshi wa Windows 95, uliotolewa mwaka 1995, uliweka sharti la kumbukumbu isiyopungua megabaiti 4. Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, unadai gigabaiti 4. Hivyo, katika kipindi cha miaka 26 sharti hilo limeongezeka mara 1,024. Makala haya yanafafanua vyanzo vya ongezeko la namna hii na kubainisha lipi ni la lazima na lipi linaepukika. Kumbukumbu inayorejelewa ni RAM, yaani nafasi ambamo programu na data zake hukaa wakati zinatumika. Hoja ya msingi ni kwamba kiasi stahiki hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa, wala si kwa nafasi iliyopo kwenye mashine.

2.0 Ongezeko la lazima

Chanzo cha kwanza ni ukubwa wa data. Picha ya skrini yenye pikseli 640 kwa 480, kila pikseli ikichukua baiti 1, huhitaji baiti 307,200. Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080, kwa baiti 4 kila pikseli, huhitaji baiti 8,294,400. Picha hiyo moja isingeenea katika megabaiti 4 zote za mwaka 1995.

Chanzo cha pili ni usalama. Baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre kutangazwa mwaka 2018, kivinjari cha Chrome kilianza kutenganisha tovuti katika michakato tofauti ili tovuti moja isiweze kusoma siri za nyingine. Google ilieleza kuwa hatua hiyo iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Gharama hiyo inamnufaisha anayeilipa.

3.0 Ongezeko linaloepukika

Mwaka 1995, Niklaus Wirth wa chuo cha ETH Zürich alilalamika kwamba programu zilikuwa zikinenepa pasipo kuongeza manufaa yanayolingana na unene huo. Mfano wa sasa ni programu zinazojengwa kwa Electron. Kila moja hubeba injini nzima ya kivinjari. Anayefungua programu tatu za aina hiyo huendesha injini tatu, hata kama kazi yake ni kutuma ujumbe mfupi tu. Mtengenezaji huandika programu mara moja ikatumika katika Windows, macOS na Linux. Faida hiyo si ndogo, lakini muda anaouokoa yeye hulipwa na mtumiaji kwa kumbukumbu.

Hata hivyo, tarakimu kubwa peke yake si ushahidi wa ubadhirifu. Mifumo endeshi hutumia nafasi isiyo na kazi kuhifadhi data inayoweza kuhitajika tena, na huiachia mara programu nyingine inapoihitaji. Kinachopaswa kuhesabiwa ni kile ambacho programu haiwezi kukirudisha.

4.0 Athari kwa mtumiaji

Kumbukumbu inapojaa, kompyuta huhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kazi huzorota. Katika simu, programu zilizo nyuma hufungwa. Mwaka 2017, Google ilitoa toleo la Android Go kwa simu zenye gigabaiti 1 au pungufu. Kufikia Android 13 ya mwaka 2022, kiwango cha chini cha toleo hilo kilikuwa gigabaiti 2. Kwa hiyo, hata toleo lililobuniwa kwa ajili ya simu za bei nafuu lilipandisha kizingiti chake.

5.0 Hitimisho

Programu inastahili kumbukumbu inayodaiwa na data yake na usalama wa mtumiaji wake. Kinachozidi hapo kinahitaji kutetewa. Inapendekezwa kwamba tasnifu zinazowasilisha programu mpya zitaje kiasi kilichopimwa katika kifaa duni kuliko vyote wanavyotumia walengwa, badala ya kompyuta ya mtafiti. Bila kipimo hicho, dai kwamba programu inawafaa walengwa halijathibitishwa.