Mali Bila Daftari: Jinsi Wajumbe wa Watu Wanavyoiuliza Serikali

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulisikia likitajwa, lakini wachache wamepata nafasi ya kufunuliwa jinsi lilivyo. Jambo lenyewe ni hili: kwa njia gani wajumbe waliochaguliwa na watu huweza kuisimamisha Serikali na kuiuliza, "Mwatenda nini, kwa sababu gani, na fedha zetu zimekwenda wapi?"

Na tuanze nyumbani kwetu. Tuseme watu mia wa kijiji kimoja wameungana ili wauze kahawa yao pamoja, nao wamemchagua mmoja wao awe mtunza fedha. Mwaka ukiisha, wenye kahawa hukutana. Mmoja huuliza magunia mangapi yaliuzwa. Wa pili huuliza bei. Wa tatu huuliza kwa nini ushuru wa gari ulizidi ule wa mwaka jana. Je, kwa kuuliza hivyo wamemtukana mtunza fedha? Hasha. Mtunza fedha mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana majibu yake ndiyo ushahidi wa uaminifu wake. Asiyependa kuulizwa ndiye wa kutazamwa kwa macho mawili. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, Serikali nayo ni mtunza fedha, ila sanduku lake ni kubwa, na wenye mali ni wengi mno hata hawawezi kukutana chini ya mti mmoja. Kwa hiyo huchagua wajumbe wakaulize badala yao.

Desturi hii ina nchi nyingi, lakini tutachukua mfano wa Bunge la Uingereza, kwa kuwa ndiko ilikotoka desturi iliyofuatwa baadaye na mabunge ya huku kwetu. Bunge hilo lina mabaraza mawili, la Malodi na la Wawakilishi waliochaguliwa na watu. Haki ya kuuliza haikupatikana kwa siku moja. Wafalme wa zamani walipotaka fedha za vita, watu waliotakiwa kuzitoa walijibu, "Kwanza tusikilize, kisha tutatoa." Mfalme Charles wa Kwanza alipojaribu kutoza kodi pasipo idhini ya Bunge, ugomvi ulikua hata ukawa vita mwaka 1642, naye akauawa mwaka 1649. Mwaka 1689 sheria iliandikwa wazi kwamba haifai mfalme kutoza fedha bila idhini ya Bunge. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote tutakayoyasema: mwenye kutoa fedha ndiye mwenye haki ya kuuliza.

Swali la kwanza lililoandikwa katika habari za Bunge hilo liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721. Mwaka uliotangulia, hisa za Kampuni ya South Sea zilikuwa zimeanguka na watu wengi wakafilisika. Lodi Cowper akasimama akauliza kama ni kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa kampuni hiyo, amekimbia nchi na kukamatwa huko Brussels. Twaona basi kwamba tangu mwanzo swali lilihusu fedha, na mtu aliyekimbia na siri zake.

Siku hizi maswali yana utaratibu wake. Tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, Baraza la Wawakilishi likutanapo, huwekwa muda wa kama saa moja kwa ajili ya maswali, na mawaziri hupokezana zamu. Mjumbe atakaye kuuliza kwa mdomo hutoa taarifa mapema, na majina hupigiwa kura ya bahati ili ijulikane nani atatangulia. Asiyetaka kungoja zamu huuliza kwa maandishi, na majibu hutolewa hadharani ili kila mtu ayasome. Waziri Mkuu naye ana saa yake. Tangu mwaka 1961 aliwekewa robo saa kila Jumanne na Alhamisi, na tangu mwaka 1997 hujibu nusu saa kila Jumatano.

Swali lenyewe halina ruhusa kuwa hotuba wala tusi. Lazima liwe juu ya jambo ambalo waziri huyo analisimamia. Lazima liombe habari au litake jambo litendwe. Wala haifai ligusie kesi iliyo mbele ya mahakama. Sheria hizi zaweza kuonekana nzito, lakini zina faida. Mtu akipiga kelele, waziri naye atajibu kwa kelele, na mwisho hakuna aliyejua lolote. Swali fupi lililonyoka ni kama sindano: ni dogo, lakini hupenya.

Labda mtasema, "Kama waziri amepata swali mapema, si ataandikiwa jibu zuri na makarani wake?" Naam, huandikiwa. Ndiyo sababu kukawa na swali la nyongeza. Twatoa mfano wa kubuni tu. Mjumbe auliza, "Waziri wa Njia ametumia fedha kiasi gani kwa daraja jipya?" Waziri asoma, "Pauni elfu hamsini." Ndipo mjumbe ainuke tena: "Je, daraja hilo laweza kupitwa na gari wakati wa mvua?" Swali hili halikuandikwa popote, na waziri lazima alijibu papo hapo. Asiyeijua kazi yake hujulikana wakati huo, mbele ya watu wote.

Tena waziri hana ruhusa kudanganya. Aweza kukataa kujibu, kwa mfano juu ya siri za ulinzi wa nchi, lakini akisema uongo kwa kujua, amevunja nguzo ya nyumba nzima. Mwaka 1963 waziri wa vita, John Profumo, aliliambia Baraza neno lisilo kweli juu ya mwenendo wake. Miezi michache baadaye alikiri, akajiuzulu. Kilichomwondoa hasa ni kule kulidanganya Baraza.

Sasa twafika kwenye fedha. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. La kwanza ni siasa ya Serikali, yaani shauri lililokatwa: je, inafaa kujenga daraja hili? La pili ni matumizi: je, fedha zilizotolewa kwa daraja zimetumika kwa daraja, na kwa uangalifu? Swali la siasa huulizwa waziri, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata shauri. Swali la matumizi lina njia yake nyingine.

Mwaka 1861, kwa shauri la Gladstone aliyekuwa waziri wa fedha, Baraza liliweka Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwaka 1866 sheria ikamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mtu huyu hapokei amri ya waziri yeyote, wala waziri hawezi kumfukuza; haondolewi ila kwa kutakiwa na mabaraza yote mawili. Yeye na wakaguzi wake hufungua vitabu vya wizara, kisha huandika taarifa. Kamati huichukua taarifa hiyo na kumwita katibu mkuu wa wizara, yaani yule mtumishi mkubwa aliyetia sahihi hesabu, aje kujibu. Na kwa desturi mwenyekiti wa Kamati hutoka katika chama cha upinzani, maana si busara paka kuwekwa alinde maziwa yake mwenyewe. Zamani wakaguzi walitazama hasa kama fedha zilitumika kama ilivyoidhinishwa. Siku hizi huuliza pia kama zilileta faida iliyotazamiwa.

Tena kuna silaha nyingine ya kale. Makadirio ya wizara yanapojadiliwa, mjumbe aweza kuomba yapunguzwe kwa kiasi kidogo tu. Makusudi yake si kuokoa fedha, ni kumlazimisha waziri asimame ajieleze. Bunge la Tanzania lina desturi ya namna hiyo, na watu huiita kushika shilingi: mjumbe huizuia shilingi moja ya mshahara wa waziri mpaka aridhike na maelezo.

Wasikilizaji wetu, msidhani kwamba haya ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Yako mambo ya nchi hii yaliyoulizwa katika Bunge la London, na kubwa lao ni lile la karanga.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 Serikali yao ilitangaza shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa zikiwa katika Tanganyika, kwa gharama ya karibu pauni milioni 24. Kazi ilianzwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mwaka wa kwanza walitumaini kulima ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufikia hata 10,000. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu ya vita, yakaharibika. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya chuma. Na wakati wa kiangazi udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga hazikung'oka. Mvua nayo haikutosha. Mgogo yeyote mzee angaliweza kuwaambia habari za mvua ya kwao.

Katika Bunge, waziri wa chakula, John Strachey, aliulizwa mara kwa mara: ekari ngapi, matrekta mangapi, fedha kiasi gani? Mwaka 1949 hesabu za Shirika lililoisimamia kazi zilitolewa, na wakaguzi hawakukubali kushuhudia kwamba vitabu vimetunzwa kama ipasavyo. Mwezi wa Novemba mwaka huo palikuwa na mjadala mkali. Wapinzani wakataka uchunguzi maalumu. Upande wa Serikali ulikuwa na kura nyingi, ukakataa. Lakini swali halifi kwa kura. Mwezi wa Januari 1951 Serikali yenyewe ilikubali kwamba shauri limeshindwa, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

Yapo mafundisho mawili hapa. La kwanza, maswali hayakuweza kuifanya mvua inyeshe Kongwa. Lakini bila maswali hasara ingaliweza kuendelea kufichwa, na mwaka juu ya mwaka fedha zingalizidi kumwagwa katika udongo ule. La pili ni zito zaidi. Walioulizia karanga walikuwa wajumbe wa walipa kodi wa Uingereza, nao waliuliza habari za fedha za Uingereza. Je, nani aliuliza habari za ardhi ya Wagogo, na malisho, na ng'ombe? Tanganyika ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1926, lakini wengi wa wajumbe wake walikuwa maofisa wa Serikali, na wengine waliteuliwa na Gavana. Waafrika wawili wa kwanza, Mtemi Kidaha Makwaia na Mangi Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao pia kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza lile ulifanywa miaka ya 1958 na 1959. Kwa hiyo wakati matingatinga yalipong'oa vichaka vya Kongwa, Mgogo mwenye ardhi hakuwa na mjumbe hata mmoja aliyemchagua yeye. Asiye na mjumbe, swali lake hubaki kinywani mwake.

Leo Tanzania ina Bunge lake, lina kipindi cha maswali na swali la nyongeza, lina Kamati ya Hesabu za Serikali, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ametajwa katika Katiba ya mwaka 1977. Taarifa yake hupelekwa kwa Rais, naye huagiza iwekwe mbele ya Bunge. Vyombo tunavyo. Lakini jembe halilimi peke yake. Mjumbe akinyamaza kwa kuogopa wakubwa wa chama chake, au akisimama ili kumsifu waziri badala ya kumwuliza, saa ya maswali huwa saa ya porojo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Na sisi tusio wajumbe tuna kazi gani? Tusome taarifa, au tusomewe. Mjumbe arudipo kutoka Bungeni, tusimwulize tu ametuletea nini. Tumwulize ameuliza nini, na amejibiwaje. Tena tuwafundishe watoto wetu shuleni kwamba kuuliza si utovu wa adabu, maana mtoto aliyezoea kunyamazishwa darasani hatakuwa mtu mzima wa kuuliza Barazani.

Mwaweza kuanza mapema. Siku chama chenu cha kahawa, au cha pamba, au cha kuzikana kitakapokutana, omba daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Kisha inueni mkono, kwa heshima, mkaulize.