Mvinyo mweupe na mlo wa samaki: mimi nilikatwa posho, wewe usikatwe

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nina jambo la vijana wenzangu tunaoishi kwa vibarua vya kuhudumia kwenye shughuli za watu. Na wewe unayealika wageni kwako litakufaa pia.

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, na kublogu hakulipi kodi ya chumba. Kwa hiyo wikiendi navaa shati jeupe nabeba sinia. Desemba iliyopita tulipelekwa kwenye nyumba moja hapa Dar, wageni 12, mlo ni vitu vya baharini tupu: kamba wa kuchoma, ngisi wa kukaanga na changu mzima mzima. Saa kumi na mbili jioni mama mwenye nyumba akagundua mvinyo haupo. Akanipa hela: "Mwanangu, kimbia dukani uniletee waini nyeupe inayofaa na samaki, chupa tatu."

Inayofaa!! Hapo ndipo nilipokwama. Nikasimama mbele ya rafu kama mtu aliyepotea stendi, mwisho nikachagua chupa nzuri kuliko zote, lebo ya dhahabu, bei imesimama. Kumbe ni mvinyo mtamu, ule wa kunywa na keki. Wageni wakaonja, wakatabasamu kwa adabu, wakaomba maji. Msimamizi aliyetupeleka akakata bei ya chupa zote kwenye posho yangu, nikarudi nyumbani na nauli tu. Sikubisha. Kazi yenyewe ya kupigiwa simu, ukibisha hupigiwi tena. Mama wa watu wala hakujua.

Kesho yake nikamfuata kaka mmoja mpishi wa hoteli. Akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, samaki wa kukaanga unamla na nini?" Nikasema na ndimu. Akacheka: "Sasa kilichokushinda nini? Mvinyo mweupe ndiyo ndimu yao."

Wadau, hapo ndipo nilipoelewa. Ndimu ina asidi. Asidi inakata mafuta, inapunguza shombo, inakuacha mdomo msafi uendelee kula. Mvinyo mweupe mkali kidogo unafanya kazi ile ile. Mwekundu unatokana na zabibu zilizochachushwa pamoja na maganda yake, na maganda yana tanini, ule ukakasi kama wa chai iliyochemka mno. Tena mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoamsha ladha ya shombo mdomoni. Mwekundu mara nyingi unayo mengi kuliko mweupe. Kwa hiyo si mambo ya kuringa tu, kuna sababu.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. TAFUTA NENO "DRY". Maana yake sukari karibu yote ya zabibu imegeuka kilevi. Kwa sheria za Ulaya mvinyo wa namna hiyo una sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, ingawa inaweza kufika 9 kama asidi ni nyingi. Ukiona "sweet", "semi-sweet", "late harvest" au "Moscato", huo ni mtamu. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

2. USIULIZE SAMAKI GANI, ULIZA KAPIKWAJE. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Wa kukaanga, wa kuchoma, chaza wabichi, chochote ambacho ungekikamulia ndimu: chukua Sauvignon Blanc. Ni mkali, mwepesi, unanukia ndimu na majani mabichi. Wa Afrika Kusini na New Zealand unapatikana kirahisi. Wafaransa wa upande wa Atlantiki chaza wao wanawala na Muscadet, nao ni mkavu na mwepesi vile vile.

Wa nazi, kama samaki wa kupaka au pweza wa nazi: mvinyo mwepesi utamezwa na tui. Chukua Chenin Blanc, una asidi lakini pia una uzito. Hii ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na hata Dodoma kwetu ipo, kule ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Wa siagi au krimu, mfano kamba kochi: Chardonnay iliyokaa kwenye pipa la mwaloni. Nayo ina ulaini kama wa siagi, vinaelewana.

Wa pilipili kali: hapa sheria inageuka. Kilevi kinaongeza moto wa pilipili, utamu unaupoza. Utamu kidogo unaruhusiwa, kama Riesling ya kilevi kidogo.

3. BEI SI KIPIMO. Na kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo mbovu, New Zealand wanakitumia karibu kwenye kila chupa. Angalia mwaka: Sauvignon Blanc nyingi ni za kunywewa changa, sio za kutunzwa kabatini. Na chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua la Dar iache hapo hapo, joto linaua mvinyo.

4. UBARIDI. Nyuzi 8 hadi 12 zinatosha. Kama ulikimbizwa dukani dakika za mwisho kama mimi, tia chupa kwenye ndoo yenye barafu NA maji, nusu saa hivi. Barafu peke yake inachelewa kwa sababu haiigusi chupa yote. Ukiupoza mno nao hausikiki ladha.

5. PIGA HESABU. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5. Wageni 12 kwa glasi mbili mbili ni glasi 24, yaani chupa 5. Zile tatu tulizoagizwa zisingetosha hata kama ningepatia! Na usisahau wasiokunywa, wawekee maji baridi na juisi ya ukwaju bila kuwahoji.

Kwa nini nayaandika leo? Jumamosi hii nimeitwa tena nyumba ile ile, na mama mwenyewe kaomba nije mimi. Mlo ni pweza wa nazi na kamba wa kuchoma. Nimeshaamua: Chenin Blanc chupa tatu, Sauvignon Blanc chupa mbili, zote "dry", na ndoo ya barafu naibeba mwenyewe. Safari hii sitaki kurudi na nauli.

Mliowahi kuonja mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma na pweza wa nazi, niambieni hapo chini kabla ya Ijumaa. Mkinicheka poa tu, ila msaada kwanza.