Njiti Nne za Kibiriti

Nilikwenda Ngamiani, Tanga, kumwamkia muuguzi mmoja mstaafu, ambaye hata leo majirani humbishia hodi usiku kwa ajili ya wagonjwa wao, na ndani ya mkoba wake, kati ya pamba na kipimo cha shinikizo la damu, nikaona kibiriti. Nilipomwuliza cha nini, alitoa njiti nne, akazilaza mkekani taratibu mpaka zikafanya umbo, kisha akanipa nne nyingine na kuniamuru, "Haya mwanangu, fanya kama hilo."

Njiti hizo ni sehemu ya kipimo cha fahamu kilichotungwa Hai, Kilimanjaro, ambako wataalamu wa nchini pamoja na wenzao wa Uingereza walitafuta namna ya kuwapima wazee wasiopata kushika kalamu. Maana kumtaka mzee wa namna hiyo achore, alisema bibi huyu, ni kumpima shule, si akili, hali njiti ya kibiriti kila mkono umeizoea. Pamoja na njiti, mzee hutajishwa wanyama kwa muda wa dakika moja na kutakiwa kukumbuka maneno 10, alama zote zikiwa 15. Na baadaye kipimo kikatiwa katika simu.

Huko huko Hai, katika hesabu ya mwaka 2005 na 2006, miongoni mwa watu wapatao 161,000 walionekana 33 wenye maradhi ya Parkinson, yanayopunguza kasi ya mwili, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu yeyote wanaumwa nini.

Siku hizi kamera ya simu yaweza kumtazama mgonjwa wa maradhi hayo akigonganisha kidole gumba na cha shahada, ikahesabu kasi, na ikabaini jinsi nafasi kati ya vidole inavyopungua kidogo kidogo, dalili ambayo jicho huenda lisiitambue. Bibi aliistahi elimu hiyo, lakini kuna jambo linamkera. Yuko mama mmoja, alisema, msukaji wa ukili tangu usichana wake, ambaye vidole vyake vimeanza kuzembea katika miyaa. Je, akiwekwa mbele ya simu asiyopata kuigusa maishani, kusita kwake kutahesabiwa ugeni au ugonjwa? Na mvuvi ashonaye nyavu, ni nani aliyekwisha kuupima mwendo wa mkono wake angali mzima, upate kuwa mizani ya kulinganishia?

Sikuwa na jawabu. Alizirudisha njiti kibiritini moja moja, akajitanda kanga yake, akatoka kwenda kumtazama yule msukaji.