Mitandao yawakutanisha wenye magonjwa adimu

MZAZI anapoambiwa kwamba mtoto wake ana ugonjwa ambao daktari hajapata kuuona, hujiona yuko peke yake duniani. Lakini mgonjwa asiye na mwenzake katika nchi moja huenda akampata nchi nyingine, sawa na bidhaa inayoadimika soko hili na kujaa ng'ambo ya mpaka.

Hilo lilidhihirika Marekani mwaka 2012. Matt Might, mhadhiri wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Utah, aliandika kwenye intaneti habari za mwanawe ambaye vipimo vya vinasaba vilionyesha hitilafu katika jeni iitwayo NGLY1. Hakukuwa na mgonjwa mwingine aliyejulikana. Alitaja dalili moja moja, ikiwamo mtoto kukosa machozi, ili mwenye mtoto kama huyo akitafuta aikute. Baadaye mtafiti aliyekuwa akichunguza vinasaba vya msichana mwingine aliisoma, akauliza kama naye hana machozi. Jibu liliafiki. Kufikia mwaka 2014, madaktari walichapisha taarifa za wagonjwa wanane.

Hata hivyo, kukutana hakutoshi. Ndiyo maana washauri wa magonjwa ya kurithi, ambao kazi yao ni kuzifafanulia familia majibu ya vipimo, nao wameingia mitandaoni. Huzielekeza familia kwenye makundi ya kuaminika na kusahihisha upotoshaji.

Kwa NGLY1, mtoto huugua akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Maelezo hayo peke yake humwondolea mama lawama za ukoo.

Yapo ya kuchunga. Majibu ya kipimo huzungumzwa faragha, si kundini. Picha ya mtoto ikishasambaa hairudi. Dawa inayosifiwa na mzazi mwenzako ipelekwe kwanza kwa daktari.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga au Rusumo anayepata bei za mahindi kupitia WhatsApp, njia hii si ngeni. Linalohitajika kwanza ni kumwomba daktari aandike kwenye karatasi jina kamili la ugonjwa, na la jeni kama limejulikana. Herufi moja ikikosewa, utafutaji huenda ukampeleka mzazi kwa ugonjwa mwingine kabisa.