Setilaiti Takribani 40 Zilizorudishwa na Jua

Saa 7:13 mchana, Februari 3, 2022, roketi ya Falcon 9 ilipaa kutoka kituo cha anga cha Kennedy, Florida, ikiwa imebeba setilaiti 49 za huduma ya intaneti ya Starlink. Zilipangwa bapa, moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini. Huko juu hakuna mkono wa kuzitoa moja moja. Sehemu ya juu ya roketi hujizungusha taratibu, vyuma vinavyobana mzigo hufunguka, nazo setilaiti huteleza na kuachana zenyewe kama karata zinazotandazwa mezani. Kila moja ya hizo 49 ilipaswa kukunjua paneli yake ya sola, kisha kuwasha injini ndogo ya umeme iliyosukuma kwa gesi ya kriptoni, ianze kupanda pole pole hadi kilomita 540.

Kimo hicho ni cha chini: setilaiti nyingi za televisheni ziko karibu kilomita 36,000 juu. Mawimbi hukimbia kwa kasi ya mwanga, lakini ombi lako likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imeshapotea. Kwa mganga wa kituo cha afya kijijini Kenya, ambako huduma ya Starlink ilianza Julai 2023, nusu sekunde hiyo huvuruga mazungumzo ya video na daktari bingwa. Kutoka kilomita 540, safari hiyo hiyo ya mawimbi huchukua sehemu chache tu za elfu za sekunde. Ila setilaiti ya karibu huona eneo dogo, tena huzunguka dunia kwa dakika 95 hivi. Ikikupita, lazima nyingine iwe imefika. Ndiyo maana hurushwa kwa mafungu, mpaka zifike maelfu.

Zile 49 ziliachiwa chini sana, katika njia iliyoshuka hadi kilomita 210 tu, na hilo lilikuwa la makusudi. Setilaiti ikionekana mbovu tangu mwanzo, hewa kidogo iliyoko huko huipunguza mwendo, ishuke na kuungua. Ikifia juu zaidi, itazurura kwa miaka mingi ikihatarisha nyingine.

Siku iliyofuata ikapiga dhoruba ya sumaku ya Dunia, iliyotokana na mlipuko kwenye Jua siku chache kabla. Wala haikuwa kubwa, na wataalamu wa Marekani walikuwa wametoa tahadhari. Lakini dhoruba ya aina hii huipasha moto hewa ya juu, nayo ikaumuka kama unga wa mandazi uliotiwa hamira. Pale kilomita 210, ukinzani wa hewa ulipanda kwa hadi asilimia 50 kuliko safari zilizotangulia. Waongozaji waliziamuru setilaiti ziingie katika hali ya kujikinga na zikae kiubavu, kama karatasi inayokata upepo kwa ukingo wake. Kwa nyingi haikusaidia: zilishindwa hata kutoka kwenye hali hiyo ya kujikinga ili zianze kupanda. Takribani 40 zilipotea. Februari 7, kamera za wanaastronomia wa Puerto Rico zilinasa mwanga ukipita angani na kumeguka vipande vipande vya moto.

Hasara ilikuwa kubwa, lakini naamini kanuni ya kuanzia chini ilitutendea haki sote: hakuna hata moja kati ya hizo iliyobaki juu kuwa takataka. Kilichohitaji kurekebishwa ni kimo, na Februari 21 fungu lililofuata, la setilaiti 46, liliachiwa zaidi ya kilomita 300 juu.