Feni ya Motokari Inayokata na Kurudi

Mtu aishiye Lubumbashi anaijua baridi ya asubuhi za Juni na Julai, na joto la Oktoba kabla ya mvua pia. Katika motokari, feni ya ndani ni moja kwa majira yote mawili. Ndiyo inayosukuma hewa kupitia rejeta ndogo yenye maji ya moto ya injini. Ndiyo hiyo hiyo inayoipitisha hewa kwenye mabomba ya baridi. Ikinyamaza, vyote viwili vinakwisha.

Ya motokari yetu ilianza kuugua wakati wa mvua za kwanza za Novemba. Nilikuwa njiani kwenda Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi, pamoja na wanafunzi wanne wenye nguo zilizolowa. Feni ikakata. Mara pumzi zetu na unyevu wa nguo vikageuka ukungu juu ya kioo cha mbele, na kumbe mbele yetu lilikuwako lori kubwa la mgodi limesimama, nusu yake bado juu ya lami. Nililiona karibu mno. Tangu siku ile sisemi tena kwamba feni ni anasa ya matajiri.

Nilipofika kwa fundi, ilizunguka vizuri kabisa, kama mtoto aliyelia usiku kucha kisha akacheka mbele ya daktari. Fundi akasema, “Mwalimu, mota imechoka.” Nikanunua nyingine iliyokwisha kutumika, kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa karo ya binti yangu. Ikafanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ikanyamaza.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja wa Katuba, ambaye hakushika chombo chochote kwanza, bali aliuliza. Je, inakata motokari inapoingia shimoni? Hapo mtu afikiri waya uliolegea. Inakata baada ya kufanya kazi muda mrefu, na kurudi ikiisha kupoa? Basi pana mahali panapopata moto: kiungo kibovu, au ile swichi ya sumaku iitwayo rilei, au mota yenyewe. Ukiipiga mota ubavuni kwa mpini wa bisibisi, inaamka? Vile vipande viwili vya makaa vinavyopeleka umeme ndani yake vimelika. Lakini mwendo mdogo ukifa siku zote na ule mkubwa ukabaki, huo si ugonjwa wa kuja na kwenda. Katika motokari nyingi zenye swichi ya kuzungusha kwa mkono, ni kizuizi cha umeme kinachopunguza mwendo ndicho kilichokatika.

Kisha akauliza neno ambalo sikulitazamia: “Baba, ikikata, sauti yake inasikika bado?” Kwa maana feni yaweza kuvuma na upepo usitoke. Mabomba ya baridi yakipoa kupita kiasi, unyevu wa hewa huganda juu yake kuwa barafu, na barafu huziba njia. Mwenye ugonjwa huo azime baridi na kuiacha feni izunguke. Baada ya muda upepo utarudi, na maji yatadondoka chini ya motokari. Akinunua mota, amepoteza fedha yake bure. (Nadhani wengi wamekwisha kuipoteza hivyo.)

Yetu haikuvuma. Mzee akaniagiza niendeshe mpaka ikate, kisha nije kwake bila kugusa kitu, hata swichi. Nilikuja siku ya tatu. Akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, maana nyuma yake ndipo mota ilipokaa. Akapima umeme huku plagi ya mota ikiwa imechomekwa na swichi iko kwenye mwendo wa mwisho. Hili ni jambo kubwa. Ukichomoa plagi kwanza, kipimio kitakuonyesha volti 12 hata kama waya umebaki na uzi mmoja tu, kwa sababu hakuna kitu kinachovuta umeme. Mota ikisimama huku volti 12 zinaifikia, na njia ya kurudi kwenye chuma cha bodi ni nzima, basi ni mbovu. Zisipofika, haina kosa. Fuata waya kurudi nyuma.

Upande wa waya kabla ya plagi zilikuwako volti 12. Upande wa pili, kwenye nyaya fupi za mota, hazikufika hata 2. Akaichomoa. Tundu moja la upande wa gari lilikuwa limebadilika rangi, na plastiki yake imeyeyuka kidogo. Basi nikaelewa zile siku tisa. Fundi wa kwanza, alipochomoa na kuchomeka, alivisugua vyuma vikagusana tena. Yeyote ambaye angeigusa plagi ile angeonekana ameponya ugonjwa.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Feni kwenye mwendo mkubwa yaweza kuvuta ampea 20. Kiungo chenye kizuizi cha sehemu moja ya kumi ya omu hupoteza volti 2, nacho hutoa moto wa wati 40: kama chuma kidogo cha kulehemu, kimefichwa ndani ya plastiki. Fyuzi haikatiki, kwa kuwa umeme unaopita haukuongezeka. Basi anayeweka fyuzi kubwa zaidi haponyi chochote, tena anaondoa ulinzi wa waya.

Mzee alifungua waya wa betri, akakata pande zote mbili za plagi, akatia mpya yenye vyuma vinene kama vile vya kwanza, akavibana kwa koleo yake. Hakusokota waya na kuufunga kwa utepe tu, kama wafanyavyo wengine. Kazi yote haikuzidi saa moja, nami nimekwenda Likasi mara nyingi tangu hapo, kioo kikiwa safi.

Mota ya kwanza, iliyohukumiwa bila kosa, niliichukua nyumbani. Sasa iko darasani juu ya kabati, na wanafunzi wa mwaka wa tano huizungusha kwa betri kuukuu katika somo la umeme.