Ukungu Tunaouona Sio Wote

Juma hili nataka tuzungumzie kiumbe tunayeishi naye nyumba moja bila kumfahamu sawasawa. Jina lake ni kuvu. Ukiota kwenye mkate twauita ukungu, ukishika vidole vya miguu twauita fangasi, na ukichomoza kwenye kichuguu baada ya mvua twauita uyoga. Hata hamira inayoumua maandazi yetu ni ya ukoo huo huo.

Wengi hudhani kuvu ni mmea. Sivyo. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini kuvu hauna uwezo huo. Lazima ule kilichotengenezwa na wengine, na ulaji wake ni wa ajabu kidogo. Sisi humeza chakula kwanza, kisha tumbo likakisaga. Kuvu hauna kinywa wala tumbo. Humwaga majimaji yake juu ya chakula, kikayeyuka huko huko nje, kisha ukakifyonza.

Kazi hiyo hufanywa na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila uzi hurefuka kwa ncha yake, ukatoa matawi na kupenya ndani ya chakula. Huo ndio mwili wa kuvu. Uyoga tunaouchuma ni kama embe tu. Mwembe wenyewe umebaki ardhini. Na lile doa la kijani kwenye mkate ni sehemu inayotoa mbegu, nazo ni ndogo mno, huruka hewani kama vumbi. Kwa hiyo anayekwangua doa akala mkate uliobaki amechuma embe, mti ameuacha.

Mbegu hizo ziko kila mahali, nasi hatuwezi kuzimaliza. Zikipata chakula, joto na unyevu, huota. Chakula kipo ghalani, na joto la nchi zetu halihitaji maelezo. Kilichobaki mikononi mwetu ni unyevu.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa makubwa. Upo ukungu uitwao Aspergillus flavus, unaoishi udongoni na kupenda mahindi na karanga. Hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Dunia iliishtukia mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Kwetu, mwaka 2004, watu 317 waliugua nchini Kenya, wengi wao sehemu za Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Chanzo kilikuwa mahindi ya chakula cha kila siku.

Sumu hii hushambulia ini. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani. Jiko letu haliwezi kuiondoa, kwani moto unaoivisha ugali unaua ukungu lakini sumu inabaki. Ng'ombe akilishwa pumba zenye sumu, sehemu yake hutokea katika maziwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu yatosha kuharibu tani 100.

Tufanyeje? Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo ambako ukungu una makao. Yakauke hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mama anayechambua punje zilizovunjika, zilizooza au kubadilika rangi kabla ya kwenda mashineni anafanya kazi kubwa, maana mara nyingi sumu hujikusanya katika punje chache. Punje hizo asipewe kuku wala ng'ombe, wala zisipelekwe kwenye pombe. Karanga chungu usiimeze kwa aibu, iteme.

Lakini sisi wa mjini hatuaniki mahindi, twayanunua. Na sokoni kuna jambo moja linalonisumbua. Mahindi yenye unyevu ni mazito, na mizani haijui kutofautisha maji na nafaka. Mkulima aliyekausha vizuri hupata kilo chache kuliko aliyeharakisha. Maana yake ni kwamba twamlipa zaidi anayetuletea hatari. Mpaka mnunuzi atakapouliza ukavu kabla ya kuuliza bei, na mwenye ghala akapima unyevu kabla ya kupima uzito, ukungu utaendelea kupata kile kimoja tulichoweza kuunyima.